SULHU ISIISHIE IKULU

Hapana mwenye akili anayeichukia sulhu. Lakini sisi wa Visiwani tumeshaipata zaidi ya mara moja, na kila tulipoipata tuliipoteza. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao matokeo yake yalikataliwa na ACT-Wazalendo, hatuna budi kujiuliza: maridhiano yetu yalivunjikia wapi?

Muafaka wa kwanza baina ya CCM na CUF ulitiwa saini mwaka 1999. Ukavunjika katika uchaguzi wa 2000, na Januari 2001 damu ikamwagika. Wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 2001 ukaja muafaka wa pili. Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu. Maalim alipokwenda kuwaeleza wafuasi wake, wapo waliompinga hadharani. Hata hivyo, katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa utulivu.

Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kuufuta uchaguzi. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na jengo likaanguka. Lilisimamishwa tena Disemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Akafariki Februari 2021.

Tukiyazingatia haya tunaona kwamba sulhu zetu hazikuvunjikia mezani. Zimevunjikia kwenye sanduku la kura. Vyeo viligawanywa, lakini imani juu ya hesabu ya kura haikupatikana.

Sulhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, iliwekwa kwa miaka kumi. Haikutimia miaka miwili Banu Bakr, washirika wa Makuraishi, wakawavamia Khuzaa, washirika wa Waislamu. Na Makuraishi, badala ya kuwazuia, wakawasaidia. Sulhu ikafa. Mwenye kuweka ahadi huibeba pia dhamana ya wafuasi wake.

Kwa hivyo tunawanasihi viongozi wa pande zote: anzeni na Tume ambayo aliyeshindwa ataikubali hesabu yake. Vyeo vifuate baadaye. Na sisi waumini tusijitoe lawamani. Tunakumbuka zama ambazo watu wa mtaa mmoja walisusiana maduka, harusi na hata maziko. Hayo hayakuamriwa kwa sheria. Tuliyafanya wenyewe kwa wenyewe. Wa maskani ya Kisonge na wa Jaws Corner watazikwa katika ardhi hii hii, na atakayebeba jeneza ni jirani. Asiyeweza kumzika jirani yake kwa ajili ya chama, huyo hana haki ya kuwalaumu wakubwa kwamba wameshindwa kupatana.