Acheni kututisha, kuchanganya RAM si haramu

Nshachoka na hii sentensi: "Kijana, usichanganye RAM, utachoma mashine." Nimeambiwa hapa Tononoka, nikaambiwa tena Mwembe Tayari, na kila aliyeniambia alikuwa na pea ya kuniuzia.

Tuongee ukweli. Wengi wetu mashine zetu ni zile za mtumba zilizotoka ofisi za Uingereza. Waikuta na kipande kimoja cha GB 4, sloti ya pili tupu. Mimi niliacha chuo, nahariri video za harusi usiku, pesa yaingia kidogo kidogo. Nikipata kipande cha GB 8, ati nitupe ile 4 ninunue pea? Kwa pesa ya nani?

Ukichanganya, hiki ndicho hutokea. Kipande cha 1333 na cha 1600, vyote vitaenda 1333. Ni kama mkokoteni wa Marikiti, wakisukuma wawili, mwendo ni wa yule mzito. Hakuna moshi. Ukiweka 4 na 8, mashine nyingi za Intel huzipanga hivi: 4 ya hiki na 4 ya kile zafanya kazi pamoja kwa chaneli mbili, ile 4 iliyobaki yaenda peke yake. Yaani GB 8 kati ya 12 zako zina njia mbili.

Hasara yenyewe ni kukaa na kipande kimoja! DDR3 ya 1600 kikomo chake ni GB 12.8 kwa sekunde, viwili ni 25.6. Na kama huna kadi ya picha, picha zote zatumia hiyo hiyo RAM. Ndio maana gemu yako yakwama, si laana.

Sawa, kuna mahali fundi yuko sahihi. DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo liko pahali tofauti, moja yataka volti 1.5 na nyingine 1.2. Ukilazimisha ukavunja sloti, hiyo ni juu yako. RAM ya seva yenye rejista pia iache hata ukipewa bei ya kutupa. Na viko vipande vyakataana tu, mashine yajizima ovyo, kwa hivyo lazima upime.

Lakini kwa nini wakazana na hii "usichanganye"? Kwa sababu ndiyo wanayokukatalia nayo kurudisha pesa. Kipande changu cha kwanza kilinisumbua siku mbili, faili za bwana harusi zikaharibika. Nikatoa ile 4 ya zamani, nikaacha kile kipya peke yake, nikawasha MemTest86 kwa flashi, ya bure kabisa. Makosa mekundu skrini nzima. Kibovu tangu dukani, kabla hakijakutana na mwenzake. Nikapiga picha, nikarudi.

"Si nilikwambia usichanganye?"

Nikamwonyesha picha, kipande kimoja, mashine moja. Akaniambia labda simu yangu ndiyo mbovu.