Bukoba Si Dakika 35

Katika mdahalo wa muhula huu mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akasema kwamba Bukoba ni karibu sana, ati ni dakika 35 tu kutoka Mwanza. Akapigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga, nami naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze sababu.

Hesabu yake si mbaya. Ukiweka rula juu ya ramani kutoka kiwanja cha Mwanza, ambacho ndege zake twazisikia hapa Kiseke, mpaka kiwanja cha Bukoba, utapata kilomita 175 hivi, sehemu kubwa juu ya maji. Ndege ndogo ya abiria 12 yaenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya, nawe utapata dakika zake. Lakini mwendo huo ni wa ndege iliyokwisha panda. Kwanza sharti ikimbie kiwanjani na kupaa, na mwishoni ishuke polepole ikizunguka kuutazama upepo. Ndiyo maana hata ndege kubwa ya pangaboi, iendayo kilomita 500 kwa saa, haifiki kwa dakika 21 kama hesabu isemavyo. Safari ikiwa fupi, kupanda na kushuka huila karibu yote.

Hayo ni ya angani. Siku moja mwaka 2024, saa mbili asubuhi, mwalimu wa zamu aliniita akaniambia kwamba bibi yangu wa Bukoba amefariki alfajiri, naye atazikwa baada ya sala ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu Waislamu. Dakika 35! Ndege ya siku ile ilikuwa imejaa, na nauli yake ilimshinda baba hata hivyo. Meli husafiri usiku kucha, tena si kila siku. Basi nikaenda kwa gari la abiria. Tukangoja kivuko Kigongo, tukapita Geita, Biharamulo na Muleba, kilomita 400 hivi za kulizunguka ziwa. Nilifika usiku. Kaburi nililiona kwa mwanga wa kurunzi.

Kivuko hakitungojeshi tena, maana daraja la kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025, nasi twashukuru. Ila ziwa bado lazungukwa vile vile.

Wako wasemao ndege ni anasa, na tena ni hatari, wakitaja tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilipoanguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba, wakafa watu 19 kati ya 43. Hao wameisahau MV Bukoba ya mwaka 1996. Mimi nasema ndege ni kitu chema. Lakini umbali upimwe tangu habari ilipopokewa mpaka mkono uguse mlango wa nyumbani. Ukipima hivyo, waona kwamba kuongeza mbio za ndege hakutatufaa sana. Itakayotufaa ni ndege irukayo asubuhi na jioni, kwa nauli ambayo mkulima wa kahawa aweza kuilipa, pamoja na meli ya kila usiku.

Mwenzangu wa Kidato cha Tatu, muhula ujao nitakuja mdahaloni na ratiba na bei za tikiti. Nawe njoo na rula yako.