Trela za Malaba Hubeba Mzigo, za Hollywood Hubeba Hewa

Wasee, tuelewane kwanza. Malaba ukitaja trela, mtu anageuka kuangalia barabara. Trela ni ile imepanga foleni kuingia Uganda, dereva ametoa miguu dirishani akingoja karatasi. Na iko na sheria zake: karatasi zikisema ngano, ndani iwe ngano. Vitu zikikosana, haivuki. Sasa mbona trela ya muvi inaruhusiwa kutangaza simba na ndani ni paka?

Kila mwaka ni story ileile. Mei mpaka Agosti, Marekani ni kiangazi, huku kwetu ni matope tu, studio kubwa zinamwaga muvi za action. Trela zimeanza kutupigia kelele miezi mingi kabla. Unachoma bando kuangalia trela ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu muvi yenyewe ikifika unabaki kuuliza, ni hii tu?

Mnakumbuka Suicide Squad ya 2016? Trela ilituuzia Joker wa Jared Leto. Joker hapa, Joker pale. Kwa muvi anapita kama mgeni wa harusi aliyekuja kula akaenda. Leto mwenyewe alisema scene zake nyingi zilikatwa. Na kuna hii: iliripotiwa kwamba studio ilipenda trela mpaka ikaita kampuni iliyoitengeneza isaidie kuhariri muvi. Yaani tangazo ndilo lilikuwa bosi.

Godzilla ya 2014 je? Trela ilimbeba Bryan Cranston, ukadhani ni muvi yake. Anakufa mapema. Godzilla mwenyewe, mwenye jina lake kwa posta, hafikishi dakika 10 kwenye muvi ya masaa mawili.

Najua mtu atasema, "Buda, tangazo ni tangazo, kila mtu anajua." Hapana. Ukinunua kreti ya nyanya soko la Busia, nzuri ziko juu na chini zote zimeoza, husemi hiyo ni biashara. Unarudi unamwambia, "Mama, hii umenifanyia si poa." Kuna mwanamke wa Michigan aliyefanya hivyo 2011. Alienda kortini kwa sababu trela ya Drive ilimfanya atarajie muvi ya magari kama Fast & Furious. Watu walimcheka. Lakini mwaka wa 2022, kwenye kesi nyingine kuhusu trela ya muvi ya Yesterday, jaji wa Marekani alisema trela ni tangazo la biashara, na sheria za matangazo ya uongo zinaweza kuigusa. Sasa nani anacheka?

Kuna uongo naweza kusamehe. Trela ya Avengers: Infinity War, 2018, Hulk anakimbia na wenzake Wakanda. Hiyo kitu haiko kwa muvi. Lakini pale walikuwa wanalinda siri, na muvi ikalipa deni na riba. Afadhali hivyo kuliko Terminator Genisys ya 2015, ambayo trela ilitoboa siri kubwa kabisa ya John Connor. Hata mwelekezi wake, Alan Taylor, hakufurahia. Hao hawakudanganya, lakini walikula nyama wakatuletea mfupa.

Sasa ukitaka kuona trela inayotimiza, usiangalie Los Angeles. Vuka hapo Busia, panda gari, kama kilomita 200 uko Kampala, mtaa wa Wakaliga. Huko Isaac Nabwana, jamaa aliyekuwa anafyatua matofali, alitengeneza Who Killed Captain Alex? Anasema haikugharimu hata dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu na mbao, helikopta ni ya kompyuta, na unaona kabisa ni ya kompyuta. Trela iliingia YouTube 2010 ikalipuka. Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, aliiona akafunga safari kutoka New York, na baadaye akahamia huko afanye kazi nao.

Na muvi ikoje? Iko vile trela ilisema! Kung fu, risasi, Kampala inalipuliwa, na juu yake VJ Emmie anakuchekesha mpaka mwisho. Trela haikuficha kwamba ni ya bei rahisi. Ilisema: sisi ni wendawazimu, karibu. Ukikaribia unapata uwendawazimu wote, kipimo kimejaa mpaka kinamwagika.

Kinachoniuma ni vijana wetu wa huku wanaoshoot action na simu. Wengi wanaiga upande mbaya. Mtu ana trela kali, droni iko juu, muziki unatikisa spika, na muvi haipo. Au ipo, dakika 20 za watu kuongea sebuleni. Nabwana hakuwa na droni, wasee.

Na nyinyi wenye movie shop, mnaopiga trela kwa spika nje mpaka stage ya boda wasikie, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujanikatia hiyo muvi ya hamsini, nitakuuliza jamaa wa kwa posta anatokea dakika ngapi. Kama hujui, shika muvi yako, mi niwekee ya DJ Afro.