Mchumia Juani na Walao Kivulini

Wahenga walituachia methali kwamba mchumia juani hulia kivulini. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuieleza katika karatasi za mtihani kuwa ni methali ya kuhimiza bidii, tukatunukiwa alama zetu na kwenda zetu. Katika makala haya ninakusudia kuisoma upya, kwa kuwa nimeshawishika kwamba haihimizi bidii tu, bali pia inataja mkataba: yule yule aliyechuma ndiye atakayekula. Si bure kwamba neno letu 'uchumi' limetokana na kitenzi 'chuma'. Lugha yetu iliufahamu uchumi kuwa ni habari ya mkono unaochuma na kinywa kinachokula. Maoni yangu ni kwamba nchi hubaki maskini pale mkono huo na kinywa hicho vinapokuwa vya watu wawili tofauti, na uchumi wake hukua pale anayechuma anapokuwa na yakini ya kula.

Siyasemi haya kwa kusoma vitabu pekee. Nimelelewa Kiminini, kando ya barabara inayotoka Kitale kuelekea Webuye na kisha Bungoma. Mama yangu hulima mahindi katika ekari mbili za udongo ambao mgeni akiuona huuonea kijicho. Mavuno huingia mwishoni mwa mwaka, na karo ya shule hudaiwa Januari. Basi mama huyauza mahindi Desemba, wakati kila jirani anauza na dalali ndiye mpanga bei. Inapofika Juni, ghala likiwa tupu, huenda sokoni kununua kwa gorogoro mahindi yayo hayo, kwa bei ya karibu maradufu. Nimelishuhudia jambo hili tangu utotoni, na sijawahi kumwona mama akilala hadi jua limchomee ndani.

Ninaanza na hilo kwa sababu maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu umaskini wetu ni kwamba watu ni wavivu, au wameng'ang'ania ya kale na kukataa maarifa mapya. Historia ya Kitale inayakanusha maelezo hayo. Katika kituo cha utafiti cha mji huo, wataalamu wakiongozwa na Michael Harrison walichanganya mahindi yaliyozoea hali ya hewa ya Kitale na mengine yaliyotoka Ekwado, Amerika Kusini. Mwaka 1964 wakatoa mbegu chotara iliyoitwa 611. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa papo hapo Kitale mwaka 1956, iliizalisha na kuieneza mbegu hiyo. Haikupita miaka mingi kabla ya wakulima wadogo wa nyanda za juu za magharibi kuipokea kwa wingi. Hawakuhitaji kuchapwa viboko wala kuhubiriwa. Walipoona kwamba shamba lile lile, kwa jembe lile lile, linatoa magunia mengi zaidi, waliibadilisha desturi ya mababu zao kwa hiari yao. Huo, wasomaji wapenzi, ndio ukuaji wa uchumi kwa maana yake ya msingi: maarifa kuifanya siku moja ya jasho izae zaidi ya ilivyozaa jana.

Wengine husema kwamba kiini cha yote ni ukoloni. Hapana shaka ukoloni ulituumiza. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, ilikuja kuyafuata mahindi ya walowezi, ilhali Mwafrika aliyefukuzwa katika ardhi hiyo alirudi humo kama kibarua. Hata hivyo, ukoloni unaeleza jinsi tulivyoingia shimoni. Hauelezi kikamilifu kwa nini baada ya miaka zaidi ya 60 ya uhuru bado tumo humo, wakati wengine waliotawaliwa wametoka. Lazima tuulize pia ni nani aliyekirithi kile kivuli baada ya mkoloni kuondoka.

Tazama yaliyojiri mwaka 2018. Wakati wakulima wa Trans Nzoia na kaunti jirani walikuwa wakisubiri malipo ya mahindi waliyoyapeleka katika maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, ilibainika kwamba wafanyabiashara wachache walikuwa wamelipwa mamilioni kwa mamilioni ya shilingi. Baraza la Seneti liliunda kamati maalumu kulichunguza suala hilo. Miaka sita baadaye, mwaka 2024, mbolea isiyotimiza viwango iliwafikia wakulima kupitia mpango ule ule wa ruzuku uliokusudiwa kuwasaidia, na serikali ikalazimika kuahidi fidia. Hasara ya visa vya aina hii haiishii katika fedha zilizopotea. Mkulima aliyedanganywa katika mbolea mwaka huu atatia kidogo mwakani. Aliyecheleweshewa malipo atampelekea dalali mwaka ujao. Kila mmoja anajikunja ili asipoteze zaidi, na kwa kujikunja huko nchi nzima inazaa chini ya uwezo wake. Uvivu tunaowasingizia wakulima aghalabu ni hesabu ya mtu aliyeumwa na nyoka.

Ukiifuata barabara ile ya Kiminini kuelekea kusini, utafika Webuye. Hapo palijengwa kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa fahari ya nchi. Kilianzishwa kwa ubia wa serikali na wawekezaji wa kigeni, kikaajiri mamia ya watu na kuulisha mji mzima: wenye nyumba za kupangisha, mama wauza chakula na wachuuzi wa nguo. Mwaka 2009 kilifungwa kwa kuelemewa na madeni. Juhudi za kukifufua hazikudumu, na mwaka 2016 kikauzwa kwa shilingi milioni 900. Tunafundishwa kwamba dawa ya umaskini ni viwanda, kwamba tuache kuuza malighafi tuanze kuuza bidhaa. Ninakubali. Lakini Webuye inatufunza kwamba mitambo peke yake si maendeleo. Kiwanda ni kama ng'ombe wa maziwa: kama kila apitaye anaruhusiwa kukama na hakuna anayewajibika kulisha, siku moja utaikuta ngozi tu.

Mbele kidogo, Bukembe karibu na Bungoma, kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978. Muwa huchukua yapata mwaka mmoja na nusu kukomaa. Ina maana kwamba anayeupanda anamkopesha mwenye kiwanda jasho la mwaka mmoja na nusu, akiitumainia ahadi. Ahadi hiyo ilipokosa kutimizwa kwa wakati, msimu baada ya msimu, baadhi ya wakulima waling'oa miwa, na kiwanda kikakosa cha kusaga. Ukosefu wa miwa ukazidisha madeni, na madeni yakazidisha ucheleweshaji. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda hicho kwa kampuni ya kibinafsi kwa miaka 30. Wapo walioshangilia na wapo walioandamana. Kwa maoni yangu, swali la nani mwenye kiwanda ni la pili. La kwanza ni kama aliyeleta miwa atalipwa, lini, na atamshtaki nani asipolipwa. Mwajiri wa umma asiyelipa na tajiri binafsi asiyelipa ni ndugu wa tumbo moja.

Wanasiasa wetu hupenda kuitaja Korea Kusini, wakidai kwamba tulikuwa sawa nayo wakati wa uhuru. Ulinganisho huo una chumvi nyingi, lakini kuna somo ambalo hawalitaji. Kwa sheria za ardhi za 1949 na 1950, nchi hiyo iliwapa wakulima ardhi waliyokuwa wakiilimia makabaila, na ikaweka kikomo cha takriban hekta tatu kwa mmiliki. Baadaye serikali ilipowapa wenye viwanda mikopo, iliwadai matokeo: uza nje kiasi hiki, la sivyo mkopo unakatika. Utawala wenyewe ulikuwa wa mabavu na sitaki tuuige. Ninachosema ni kwamba aliyelima alivuna chake, na aliyepewa alidaiwa. Kwetu, Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, yakiwemo mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa watu wenye ukubwa. Mwaka 2024 Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wao kuhusu jinsi taasisi za jamii zinavyochangia ustawi au ufukara wa mataifa. Wahenga wetu walikuwa wamelidokeza jambo hilo kwa maneno manne.

Je, tufanye nini? Majirani zetu wa Tanzania walijaribu njia moja ifaayo kutazamwa. Kuanzia msimu wa 2007/2008, wakulima wa korosho huko Mtwara walianza kutumia mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa hati, na kwa hati hiyo anaweza kupata fedha za awali akisubiri mnada. Kenya nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2019. Mfumo kama huu ungemwezesha mama yangu kulipa karo Januari bila ya kuyatupa mahindi yake Desemba. Lakini hata huko Tanzania, mwaka 2013 wakulima wa Liwale walizusha ghasia kwa hasira ya malipo ya korosho yaliyocheleweshwa na kupunguzwa. Mfumo ni mzuri, ila nao unasimama juu ya ahadi inayotimizwa.

Hapa ndipo ninapowageukia nyinyi, wasomi wenzangu wa Kiswahili, msije mkadhani kwamba mjadala huu ni wa kitivo cha uchumi. Shangazi yangu wa Bungoma aliwahi kunipa karatasi aliyoitia kidole gumba miaka miwili kabla, akaniomba nimsomee. Ulikuwa mkataba wa kilimo, kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili. Ndani yake mlikuwa na makato ya mbolea, ya usafiri na ya riba ambayo hakuna aliyemweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe mwanangu, nilijiuza mwenyewe." Katiba ya 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ilhali mikataba niliyoiona, ratiba za makato na hata fomu za mikopo, zimo katika lugha ambayo mwenye jembe haisomi. Mtu hawezi kuidai ahadi asiyoielewa.

Tumejifunza kuchambua tamathali, mizani na vina. Tunaweza vilevile kuufasiri mkataba wa miwa kwa Kiswahili ambacho shangazi yangu atakielewa. Chama chetu kinaweza kuanza na hatua ndogo: likizo ijayo, kila mwanachama atokaye sehemu za kilimo akusanye mikataba na hati za malipo za nyumbani kwao, tuzifasiri, tuzirudishe vijijini, kisha tupeleke nakala katika mabunge ya kaunti tukidai kwamba pasiwe na mkataba wa mkulima usio na tafsiri ya Kiswahili. Hatua hiyo haitamaliza umaskini. Lakini itamwezesha anayechuma juani kujua ni nani ameketi pale kivulini, na ni kiasi gani anachokula.