Picha za Nyumbani Si za Barazani

Mamangu alipofariki mwaka jana, Mola amrehemu, tulikuta chini ya kitanda chake mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kipande cha leso. Dada yangu alidhani ni vyombo vyake vya dhahabu. Kumbe ndani mlikuwa na hati ya nyumba, tasbihi iliyokatika, na picha 8 nyeusi na nyeupe, zote za safari moja.

Safari hiyo naikumbuka vyema, ndugu msomaji. Ilikuwa Disemba 1977, nami nina miaka 9. Shule zimefungwa, na mwalimu wetu wa chuoni, baada ya kuombwa sana na wazazi, akatupa ruhusa ya siku kumi kwa sharti kwamba kila mmoja arudi na juzuu yake kichwani. Tukatoka Mji wa Kale na basi la alfajiri. Daraja la Nyali lilikuwa bado lile la zamani lililoelea juu ya maji, kwani hili la leo lilifunguliwa 1980. Kilifi nako hakukuwa na daraja mpaka 1991, basi tukashuka sote kungojea feri, na baba akatununulia korosho za moto katika karatasi. Tulipofika Malindi watoto wadogo walikwisha kutapika na kulala. Tukavuka Sabaki, maji mekundu kama chai ya tangawizi, na hatimaye Mambrui, kwa shangazi yangu.

Likizo yetu haikuwa ya hoteli wala ya viti vya kujinyoosha. Tulilala mkekani, watoto saba chumba kimoja, na upepo wa kaskazi ukiingia dirishani usiku kucha. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali na samaki wa kupaka, jioni mihogo. Mchanga wa Mambrui una chembe zinazong'aa juani, nasi tuliamini kabisa kuwa ni dhahabu. Nilijaza mfuko wa kaptura yangu nikakusudia kumtajirisha baba. Mamangu aliumwaga siku ya kufua nguo.

Wanaume na watoto walikwenda pwani alasiri. Wanawake walikuwa na wakati wao, baada ya swala ya alfajiri, kabla watu hawajatembea. Walishuka na mabuibui yao, wakiyavua ufukweni, wakaingia majini na leso zao. Mvulana wa umri wangu aliruhusiwa kwenda nao kuchukua birika na kulinda nguo.

Sasa, baba alikuwa ameazima kamera kwa mwenzake wa kazi kule bandarini Kilindini. Ilikuwa ile ya kisanduku, ambayo huiweki jichoni bali huishika kiunoni ukainama kutazama kioo kidogo juu yake. Roli moja ilitoa picha 8, basi. Baba alizihesabu kama mtu anayehesabu risasi. Siku ya tano alinifundisha: jua liwe mgongoni, shika pumzi, bonyeza polepole. Kesho yake mama akaniambia niichukue pwani.

Mwezi ulikuwa mpevu na bamvua lilikuwa kubwa. Maji yalikuwa yameanza kutoka, jua limepanda kidogo. Wanawake watatu walisimama majini hadi magotini, leso zimerowa, vichwa wazi. Nikabonyeza. Mamangu aliponijia, maji yakimchuruzika, alinishika sikio, si kwa ukali, akasema: "Picha hino ni ya nyumbani. Isitoke nde. Usikizie?" Nikamwapia.

Tuliporudi Mombasa baba aliipeleka roli kusafishwa. Alikaa pale dukani mpaka akakabidhiwa picha zote pamoja na negativu zake. Watu walimcheka. Lakini alikuwa na sababu. Si kwamba wazee wetu walichukia picha. Wangapi walivaa wakanukia wakenda kwa Parekh, aliyekuwa na studio yake hapa Mombasa tangu miaka ya 1940, au kwa Bakor kule Lamu? Hata nyanya yangu, aliyekuwa akizigeuza picha zitazame ukuta kila anapotaka kuswali, alikuwa na yake moja sandukuni. Ila mtaani petu ilikwisha kutokea kwamba duka jingine la picha, ambalo silitaji na ambalo halipo tena, lilitundika dirishani picha ya bibi harusi wa jirani. Hakuulizwa yeye wala mumewe. Wapita njia waliitazama kwa muda wa wiki mbili kabla ya nduguze kupata habari. Bibi yule hakuonekana harusini tena kwa mwaka mzima, kana kwamba kosa ni lake.

Basi turudi kwenye mkebe. Picha ile ilikuwamo. Mamangu anacheka ndani yake, kinywa wazi, kichwa amekirudisha nyuma. Miaka yote niliyoishi naye sikupata kumwona akicheka hivyo mbele ya watu. Nyuma yake ameandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika Kiswahili wanawake wa rika lake: "Mambrui, Mfungo Nne 1398. Ya nyumbani."

Mpwa wangu aliye Dubai hakuweza kuyasoma maneno hayo. Hakufundishwa, na lawama hiyo ni yetu sisi. Aliona picha tu. Dada yangu alikuwa amempelekea kwa simu ili amwone nyanyake alivyokuwa msichana, naye kabla ya magharibi alikwisha kuitia rangi kwa programu ya kompyuta na kuipeleka kwenye kundi la jamaa la WhatsApp. Kundi hilo lina watu zaidi ya tisini, wakwe na wakwe wa wakwe. Leso ya mamangu, ambayo naijua kwa kuwa mimi ndiye niliyeilinda mchangani, ilikuwa nyekundu na nyeusi. Mashine imeifanya samawati.

Nilimpigia simu. "Mjomba," akaniambia, "mkizificha zitaliwa na mende. Nani atamjua nyanya?" Nilikasirika, kisha nikanyamaza, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na karatasi. Picha mbili katika zile nane zimeshikana, na ukizibandua uso wa baba unabaki kwenye nyingine.

Lakini kuihifadhi picha ni jambo moja na kuitangaza ni jambo jingine, na hapa ndipo vijana wetu wanapochanganya. Kuinakili, kuiweka mahali pakavu, kumwita mzee wa nyumba akwambie huyu ni nani na pale ni wapi, ukaandika, hiyo ni kazi ya wajibu na tumechelewa nayo mno. Kumtoa mwanamke aliyekufa akasimama na leso iliyorowa mbele ya macho ya watu tisini, wakati alipokuwa hai hakufungua mlango bila mtandio, hiyo ni kuvunja amana. Yeye hawezi tena kutushika sikio.

Tena haya hayakuanza na simu. Zamani za wakoloni, wapiga picha wa Zanzibar na Mombasa walitengeneza postikadi za wanawake wetu wakazitia sokoni. Katika chuo kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kuna mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za tangu 1860 mpaka 1960. Ni hazina, nami sina ugomvi na wanaoitunza. Lakini mwanamke wa postikadi za namna ile mara nyingi hana jina. Ameandikwa tu kuwa ni mwanamke wa Kiswahili, yamekwisha. Sura yake imevuka bahari, jina lake limebaki kwa wajukuu wasiojua kuwa sura iko. Ndivyo tunavyotaka ziwe picha zetu? Maana picha ikishaingia katika simu za watu, hutangulia sura, na jina huachwa njiani.

Jina ndilo lililonisumbua mimi pia. Katika wale wanawake watatu, wa kwanza ni mamangu, wa pili ni shangazi. Wa tatu simjui. Ni mwembamba, mkono mmoja ameuweka begani kwa mamangu kama mtu aliyemzoea siku nyingi. Shangazi alikwisha kufa, na baba kabla yake. Mpwa wangu alishauri, kwa nia njema, itiwe kwenye mtandao ili watu wa Mambrui waitambue. Nilikataa.

Dada yangu akaibeba mwenyewe. Alipanda gari la asubuhi, picha ndani ya bahasha, bahasha ndani ya msahafu, msahafu ndani ya mkoba. Akaingia nyumba tatu, akaitoa chumbani tu, mbele ya wanawake tu. Katika nyumba ya tatu bibi mmoja mkongwe aliitia karibu na jicho, kisha akaiweka kifuani akawa hasemi. Alikuwa ndiye dada yake. Alikufa uzazini mwaka wa pili baada ya likizo ile. Katika nyumba yao hapakuwa na picha yake hata moja, na bibi yule alimwambia dada yangu kwamba kwa miaka mingi amekuwa akijaribu kuukumbuka uso wa ndugu yake na kila mara unakuja wa bintiye.

Aliomba nakala. Dada yangu alinipigia simu akiwa ukumbini kwao, akinong'ona: tumkatie upande wa dada yake tu, au tumpe nzima? Ukimkata yule, unaukata na mkono ulio begani kwa mama. Nikamwambia ampe nzima.

Kwa hivyo mamangu sasa yuko katika nyumba mbili, na mimi niliyeapa kwamba picha haitatoka nimeitoa. Dada anasema imetoka nyumba moja ikaingia nyumba nyingine, haikupita barazani. Mpwa wangu, aliposikia, aliiondoa yake kwenye kundi bila kuambiwa, ingawa sote tunajua wangapi walikwisha kuichukua. Naye aliniuliza kwa nini ile yetu ni halali na yake ni haramu. Nilimjibu kwa maneno mengi, na tangu siku hiyo nimeyapunguza.

Mhariri aliniomba picha ya kwenda na ukurasa huu. Nimempa ile ya nane, ambayo baba aliipiga siku ya kuondoka ili kumaliza roli. Ina mkeka, birika, ndara za watu wanane na bahari. Wenye ndara wote walikuwa nyuma ya kamera, wanafunga mizigo.