Goti Limepona, Mtoto Je? (Sehemu ya 3)

Jana tuliishia kwenye kuteguka: kumpumzisha mtoto, kuweka barafu, na kuacha kukimbilia kukanda na maji ya moto. Leo naongelea kitu ambacho eksirei haikionyeshi, na msimamo wangu nausema mapema: watoto wetu wanaoumia michezoni tunawatibu nusu. Tunatibu mfupa, mwenye mfupa tunamwacha.

Chukua kijana wa miaka 15 aliyechaguliwa kwenda UMISSETA. Mtaani hawamwiti jina lake, wanamwita la mchezaji wa Simba au Yanga. Kila siku saa kumi jioni ana pa kwenda na ana watu wanaomsubiri. Goti linageuka vibaya mara moja tu, kesho yake saa kumi inamkuta kwenye kochi, magongo pembeni, anawasikia wenzake wanapita na mpira. Sisi tunaona mguu unauma. Yeye kapoteza marafiki, ratiba, jina na ndoto kwa siku moja. Yaani ni msiba kabisa, ila pole anayopewa ni ya goti tu.

Na wengi hawalii. Wanakuwa wakali, wanajibu hovyo, mama unasema siku hizi ana kiburi. Hataki kuangalia mpira hata kwenye tivii. Usiku macho makavu, mchana analala. Huzuni ya siku za mwanzo ni kawaida, isikutishe. Ila ikipita wiki mbili na bado iko vilevile au inazidi, hapo mama usiseme anadeka, mlete hospitali. (Kama aligongwa kichwani, usisubiri wiki mbili. Hasira, usingizi kuvurugika na kushindwa kushika masomo vinaweza kutoka kwenye ubongo uliotikisika. Mlete aangaliwe.)

Sasa kuna sentensi siipendi hata kidogo: "Nilikwambia mpira hautakupeleka popote." Naelewa inakotoka. Hela ya matibabu, nauli za kliniki, kazini umeomba ruhusa mpaka bosi kanuna. Lakini mtoto anachosikia ni kwamba kuumia kwake ni adhabu, na kuanzia hapo hakuambii tena linalomuuma. Kwa mabinti wa netiboli ni mbaya zaidi, wanaambiwa na kovu hilo nani atakuoa. Jamani! Na kwenye michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, mabinti ndio ligamenti ya goti huchanika zaidi kuliko wavulana. Anahitaji kufundishwa kutua vizuri, sio kusimangwa.

Halafu kuna wanaomharakisha. Hogo limetolewa Jumatatu, Jumamosi kuna ndondo, mtu anampa kijana diklofenaki aingie. Dawa inaficha maumivu tu, jeraha liko palepale. Ligamenti ya goti iliyofanyiwa upasuaji inahitaji kama miezi 9 au zaidi kabla ya mechi. Ronaldo yule wa Brazil aliumia goti Novemba 1999 akiwa Inter Milan, akarudi Aprili 2000 kwenye fainali ya kombe la Italia dhidi ya Lazio, na dakika chache tu goti likaachia tena. Huyo alikuwa na madaktari wa klabu tajiri. Alikuja kufunga mabao 8 Kombe la Dunia 2002, baada ya kusubiri kweli.

Na hata muda ukitimia, kuna hofu. Mguu uko sawa, vipimo viko sawa, lakini mpira ukija anajivuta nyuma, kocha anamwita mwoga mbele ya wenzake. Hofu ya kuumia tena ni moja ya sababu kubwa za wachezaji waliopona kutorudi uwanjani, na anayecheza anaogopa anacheza amekakamaa. Muulize tu taratibu, mkiwa wawili: "Mwanangu, ukiwaza kuingia uwanjani kesho, unajisikiaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Akisema hataki tena mpira, sawa, ila uwe uamuzi wake, usiwe wa hofu wala wa mama.

Wakati anauguza, ongea na mwalimu wa michezo asimfute kwenye timu. Aende na magongo yake, ashike saa, aandike mabao, akae benchi na wenzake. Siku asipotaka, msimlazimishe. Mazoezi tiba msikatishe, na mpe malengo madogo: wiki hii kukunja goti mpaka hapa, wiki ijayo kupanda ngazi. Mtoto anayeona anasogea analala vizuri.

Akianza kusema "sina faida", "bora ningekufa", usicheke na usimgombeze. Muulize wazi kama anawaza kujidhuru, swali hilo halimpandikizii wazo. Ondoa dawa zote anapoweza kuzifikia, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mlete hospitali. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure kupiga.

Kesho, Mungu akipenda, sehemu ya 4: chakula cha mtoto anayeunga mfupa, na hiyo supu ya kongoro mnayoniuliza kila siku.