Kebo zenye chuma Butembo na Beni: pima kwanza, ndipo uwashe

Vijana wenzetu,

Wenye kukumbuka miaka ya grupu wanajua tulikotoka. Jirani mwenye pesa anawasha mashine jioni, anavuta waya juu ya mapaa, na wewe unamlipa upate balbu mbili mpaka saa nne za usiku. Leo maji ya Mutwanga chini ya Rwenzori na maji ya Luviro kule Lubero yanatoa umeme, na kuko kartye ambako kebo zinapita chini ya udongo mpaka kwenye geti, kwenye kinu cha unga, kwenye nguzo za taa. Sisi wenyewe tulipiga kelele tupate hizo taa. Tangu 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na giza linamsaidia muuaji peke yake.

Kwa hiyo wasituambie eti tunapinga umeme. Tunaomba usituue.

Kebo nyingi za nje ni zile zenye chuma: waya ndani, plastiki, halafu nyuzi za chuma zimeizunguka, halafu plastiki nyeusi juu. Watu wanasema hii ni ngumu, jembe haliiwezi. Kweli ni ngumu. Ila chuma kinapitisha umeme. Siku sururu ya mtu anayechimba msingi inapenya, fazi inagusa kile chuma. Kama hakikufungwa kwenye waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, chuma chote kinabeba volti 220 toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kinachokatika. Taa inaendelea kuwaka vizuri kabisa, geti liko na umeme, na hakuna anayejua mpaka mvua inyeshe na mtoto aegemee.

Katika kartye moja, mama anayeuza ndizi alituambia nguzo ya karibu na meza yake "inauma" kila mvua ikinyesha. Tulienda na fundi, akazima kwanza, akafungua. Nyuzi za chuma zilikuwa zimekatwa fupi na kuzungushiwa skochi nyeusi. Kebo iliingia kwenye sanduku la plastiki bila ile nati kubwa ya shaba inayobana chuma, ile mafundi wanaita presetupu. Pesa iliyookolewa pale haifiki hata bei ya kreti moja ya bia.

Chuma kinapaswa kubanwa na ile nati kwenye sanduku la chuma, au kwenye kipande cha shaba kama sanduku ni la plastiki, na toka hapo waya wa ardhi uende mpaka kwenye nondo iliyopigwa ardhini. Nguzo au geti la upande wa pili nalo lifungwe. Na kebo ikiungwa katikati, chuma nacho kiungwe. Hapo ndipo mafundi wengi wanasahau: wanaunga waya za ndani vizuri, chuma wanakiacha, na nusu ya pili ya kebo inabaki yatima.

Nondo peke yake bado haitoshi, na hili tulichelewa kulielewa. Tuseme nondo iko na om 50. Volti 220 zinapitisha hapo ampea 4 na kidogo. Dijonkteri ya ampea 20 inaona hiyo ni pasi tu ya nguo, haikatiki. Ndiyo maana lazima pawe na dijonkteri ya diferansieli: ile ya nyumbani, ya miliampea 30, inakata kwa chini ya nusu sekunde umeme unapoanza kukimbilia udongo. Na ukisikia fundi anasema "nimejaribu na balbu kwenye nondo, imewaka, ardhi iko sawa", usimlipe bado. Balbu ndogo ya LED inawaka hata kwenye nondo mbovu. Ardhi inapimwa kwa mashine ya kupima om, ikiwezekana wakati wa jua kali, kwa sababu udongo mkavu unadanganya kidogo kuliko udongo wenye maji.

Tarehe 2 februari 2022, kebo ya umeme mkubwa ilianguka sokoni Matadi-Kibala, Kinshasa. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama waliokuwa wanauza. Ile ilikuwa juu, kila mtu aliiona. Zetu ziko chini.

Nchi iko na sheria ya umeme, namba 14/011 ya tarehe 17 juni 2014, na iko na ARE, mamlaka ya kusimamia sekta hii. Kwa hiyo tunadai: hakuna kebo ya nje iwashwe, iwe ya kampuni, ya meri au ya mradi wa wafadhili, kabla ya kupimwa, na karatasi yenye om na tarehe ipewe mwenye nyumba au chefu wa kartye. Nguzo zilizokwisha kuwashwa zirudiwe zote kabla ya mvua kubwa, kuanzia karibu na masoko na shule.

Na sisi je? Asubuhi ya salongo inayokuja, Butembo tunaanzia rue Président de la République, Beni tunaanzia boulevard Nyamwisi. Kuja na simu na kalamu. Tunapiga picha ya mguu wa kila nguzo: sanduku wazi, kebo iliyochubuka, waya wa kijani usioonekana. Tunaandika avenyu na namba, tunapeleka meri na kwa wenye mtandao, tunachukua sahihi ya kupokea. Usiguse nguzo. Usifungue sanduku. Na ukisikia mama anasema nguzo yake inauma, weka mtu hapo azuie watoto mpaka umeme uzimwe.